Kabla Hujagusa Magneto

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi wa pikipiki, Tanga

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazee wangu wa gereji, shikamooni. Na ninyi vijana mliokuja na ovaroli zenu moja kwa moja kutoka kazini, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze kuhusu taimingi, yaani wakati ambao plagi inawasha moto ndani ya injini, na nimeombwa nije na huyu mzee mliyemkuta amesimama hapa mbele. Ni pikipiki ya BSA M20. Iliundwa Birmingham, Uingereza, katika kiwanda cha Small Heath. Mhandisi aliyeichora ni Val Page, ikaanza kuuzwa mwaka 1937. Vita ya Pili ilipokuja, jeshi la Uingereza lilichukua zaidi ya 126,000 za aina hii. Silinda ni moja, ujazo ni sentimita za ujazo 496, pistoni inasafiri milimita 94 kutoka chini hadi juu, na nguvu yake yote ni farasi 13. Boda boda iliyokuleta hapa asubuhi inakaribia kuwa na nguvu hiyohiyo kwa injini isiyofika theluthi ya ukubwa huu.

Wazee wetu walikipa chombo hiki majina mawili kwa kusikiliza tu: pikipiki, na tukutuku. Mimi naamini aliyesema tukutuku alikuwa amesimama karibu na injini ya namna hii. Ikinguruma polepole haisemi piki-piki hata kidogo. Inasema tuku, inanyamaza, tuku, inanyamaza. Kila tuku ni moto mmoja wa plagi, na kati ya moto na moto krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili. Wakati wote nitakaozungumza leo, naomba mkumbuke hizo mara mbili, maana ndizo zilizonitesa.

Nilipoipata, ilikuwa vipande ndani ya magunia mawili. Nikaifanyia ovaholi kamili: beringi za krenki mpya, silinda ikachongwa, pistoni na ringi mpya, valvu zikasagwa, magneto, yaani kile chombo cha sumaku kinachoipa plagi umeme, ikasukwa waya upya. Miezi minane. Siku ya kuiwasha, watu wa mtaani walijaa uani kwangu. Kiki ya kwanza ikakohoa. Kiki ya pili ikawaka. Wakashangilia, na mimi nikawaamini. Nikajisemea kwamba injini inayowaka kwa kiki ya pili haiwezi kuwa na tatizo la taimingi.

Hapo ndipo nilipopotea, na wengi wenu mnapotea hapohapo. Injini ambayo moto wake umechelewa huwaka kwa urahisi sana. Haikupigi mguu, haigomi, inakubembeleza. Pistoni imeshafika karibu na juu kabisa ndipo plagi inawasha, kwa hiyo hakuna cha kuirudisha nyuma. Adhabu inakuja barabarani. Yangu ilikuwa haina nguvu. Ukifungua mafuta, sauti inakuwa nzito, mwendo hauongezeki, na baada ya kilomita tano ekzosi imegeuka rangi ya bluu. Usiku wa pili nikaona bomba linang'aa wekundu pale linapotoka kwenye silinda.

Nikafanya nini? Nikaivamia kabureta. Nikabadilisha jeti. Nikapandisha sindano, nikaishusha. Wiki mbili. Baadaye fundi mmoja, mtu mwema aliyetaka kunisaidia, akaniambia niwahishe moto kwa kupanua kontakti, vile vipande viwili vya ndani ya magneto ambavyo vikiachana ndipo plagi inawasha. Nikapanua. Nguvu ikaja kidogo, lakini moto wa plagi ukadhoofika, ikaanza kumisi. Mwishowe nikalegeza gia ya magneto nikaizungusha kwa kukisia, nikisikiliza kwa sikio. Safari hiyo moto ukawahi mno. Kiki ikarudi, ikanipiga kwenye ugoko, nikalala ndani siku nne.

Siku zile nne ndizo zilizonifundisha, kwa sababu sikuweza kushika spana. Nililala nikijiuliza swali moja: je, najua pistoni iko wapi wakati plagi inawasha? Si kudhani, kujua, kwa milimita. Sikujua. Nilikuwa nimerekebisha kila kitu bila kupima hata kimoja.

Sasa tuingie kazini.

Petroli iliyochanganyika na hewa haiwaki yote kwa mkupuo. Moto unaanzia kwenye plagi, unatembea. Kutembea huko kunahitaji muda, ndiyo maana tunawasha kabla pistoni haijafika juu. Kwa M20 kipimo ni inchi 7/16 kabla ya juu kabisa, lever ya moto ikiwa imewahishwa hadi mwisho. Kwa milimita ni 11.1. Kwa digrii za krenki ni kama 36. Fanyeni hesabu nami: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki inapita digrii 18,000 kwa sekunde. Hizo digrii 36 ni sehemu mbili za elfu za sekunde, basi. Ikizunguka mara 600 tu, digrii zilezile zinakuwa sehemu kumi za elfu. Moto unapewa muda mara tano zaidi, unamaliza kazi yake pistoni ikiwa bado inapanda, na mguu wako ndio unaolipa. Ndiyo sababu ya ile lever ndogo kwenye usukani: unachelewesha moto wakati wa kuwasha, unauwahisha ukishatembea. Kwenye pikipiki zenu kazi hiyo inafanywa na CDI, kile kisanduku cha umeme, bila kukuuliza. Hapa anafanya dereva.

Kwa hiyo kuna mambo matatu yanayopaswa kukubaliana: pistoni, valvu, na moto. Na yanathibitishwa kwa mpangilio huo. Ukianza na moto wakati hujui pistoni iko wapi, unapima kwa rula isiyo na sifuri.

Juu kabisa, topu kama tunavyoiita gereji, ni mahali pagumu kupaona. Watu wengi wanachomeka spoki kwenye tundu la plagi, wanazungusha krenki, spoki ikiacha kupanda wanasema hapa. Hapana. Karibu na topu pistoni inasimama kama inayofikiri. Unaweza kuzungusha digrii tano upande huu na tano upande ule, na pistoni haijashuka hata robo ya milimita. Hizo ni digrii kumi za gizani. Tena spoki ikiingia kimshazari inadanganya zaidi.

M20 ina fadhila moja kubwa: valvu zake ziko ubavuni mwa silinda, kwa hiyo hedi ni kifuniko tu. Unafungua bolti, unanyanyua, pistoni hiyo hapo inakutazama. Nikakata kipande cha chuma bapa, nikakifunga juu ya silinda kwa bolti za hedi zenyewe, na katikati nikapitisha bolti inayochungulia chini ili pistoni igote kabla ya kufika juu. Nikafunga sahani ya digrii, ile ya duara yenye alama za digrii pembeni, kwenye krenki, na waya kuwa mshale. Nikazungusha taratibu kwenda mbele hadi pistoni ikagota: 46. Nikazungusha kurudi nyuma hadi ikagota upande wa pili: 38. Jumla 84, nusu yake 42. Maana yake sifuri yangu ya kukadiria ilikuwa imekosea digrii nne. Nikahamisha sahani, nikarudia, 42 na 42. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nilijua kitu.

Kisha valvu. Gia za ndani zina alama kwenye meno, na ovaholi ikifanywa na mtu aliyechoka, jino moja linapitwa. Usibishane na alama, hasa kama gia zimetoka kwenye injini mbili tofauti, kama za kwangu. Tazama valvu zenyewe. Fungua kifuniko cha tapeti, vile vijiti vinavyosukuma valvu, zungusha hadi mwisho wa kutoa moshi na mwanzo wa kuvuta hewa. Pistoni ikiwa topu hapo, valvu zote mbili zinakuwa zimefunguka kidogo, takriban sawa: ya moshi inamalizia kufunga, ya hewa imeanza kufungua. Ukikuta moja imefungwa kabisa na nyingine iko wazi sana, simama. Una jino lililopitwa, na hakuna magneto duniani itakayokuponya. Zangu zilikuwa sawa. Nikaandika kwenye daftari: pistoni ndiyo, valvu ndiyo.

Pale pale niwape onyo juu ya zile mara mbili nilizosema mwanzoni. Krenki inafika topu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi: mara moja ikiwa imegandamiza hewa, mara moja ikiwa inatoa moshi. Magneto ya injini hii inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, inatoa moto mmoja tu. Ukiiseti kwenye topu ya moshi, kila kipimo kitasoma vizuri na injini haitawaka hata ukipiga kiki hadi jioni. Unayoitaka ni ile ambayo valvu zote mbili zimefungwa na tapeti zote mbili zina uwazi wake, unaziona zinacheza kwa kidole.

Sasa moto wenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza kontakti. Uwazi wake ni elfu 12 za inchi, yaani milimita 0.30, ikipimwa pale zinapofunguka zaidi. Hili linafanywa kabla ya taimingi, kamwe si baada yake, kwa sababu kontakti zikiwa na uwazi mkubwa zaidi zinafunguka mapema zaidi, na umeshahamisha taimingi bila kugusa gia. Yule rafiki yangu alilijua hilo, ndiyo maana alinishauri nipanue. Asilolijua ni kwamba magneto nayo ina wakati wake wa ndani. Sumaku na waya uliosukwa vinafikia nguvu yao kubwa mahali pamoja padogo sana pa mzunguko, na kontakti zimepangwa zifunguke hapo hapo. Ukizifungua mapema, umewahisha moto ambao hauna nguvu. Nikarudisha 0.30.

Pili, lever. Isukume hadi mwisho wa kuwahisha, halafu usiamini usukani. Shuka ukatazame kwenye magneto kama kamu imefika kweli. Kebo ikiwa na kutu au ndefu mno, lever inasema imefika na huku chini imebaki katikati. Utaseti vizuri mahali pasipo sahihi.

Tatu, kuijua sekunde ya kufunguka. Chukua karatasi ya sigara, kipande chembamba, kibane katikati ya kontakti. Vuta taratibu huku mwenzako akizungusha krenki kwenda mbele. Karatasi itashikwa, itashikwa, halafu itateleza. Pale inapoteleza ndipo plagi inapowasha. Krenki isogezwe kwa mwelekeo wake wa kazi tu. Ukipita alama, usirudi nusu hatua. Rudi nyuma sana kisha uje mbele tena. Gia zina mlegeo kati ya meno, na ukiifikia alama kwa kurudi kinyumenyume mlegeo huo unakupa jibu jingine.

Nikapima kama ilivyokuwa ile siku ya kwanza ya shangwe, maana nilikuwa nimepiga alama ya patasi kwenye gia kabla ya kuanza kuzungusha kwa kukisia. Ile alama ndiyo kitu pekee cha busara nilichofanya katika wiki zile. Nikairudisha gia kwenye alama, nikaweka karatasi, nikazungusha. Karatasi ikateleza pistoni ikiwa milimita 5 kutoka juu, badala ya 11. Kwa sahani, digrii 24 badala ya 36. Moto ulichelewa digrii 12.

Lakini nilikuwa na hakika niliiseti kwa 11! Nililikumbuka hata bisibisi nililoshika. Basi nikaiseti upya kwa uangalifu wote, milimita 11, karatasi ikateleza barabara. Nikakaza nati ya gia ya magneto. Kabla sijafunga kifuniko, nikarudia kupima. Sita na nusu.

Hapo nikakaa chini kwenye ndoo.

Gia ile haina kabari. Inakaa kwenye shafti iliyochongwa mfano wa pia, na inashikiliwa kwa kukazwa tu. Mimi nilikuwa nimepaka mafuta kidogo kwenye shafti ile, kwa mapenzi, ili isipate kutu. Nati ilipozunguka iliivuta shafti pamoja nayo kabla gia haijauma. Na siku ya kwanza niliseti, nikakaza, nikafunga kifuniko. Sikupima tena baada ya kukaza. Hilo tu. Miezi minane ya kazi safi, kisha wiki tano za kuhangaika, kwa sababu ya tone la mafuta na kipimo kimoja kilichorukwa.

Nikasafisha shafti na tundu la gia kwa petroli hadi zikauke kabisa. Nikaseti. Nikaigonga gia taratibu kwa kipande cha bomba ili iume kwanza, ndipo nikakaza nati, nikiwa nimeshika krenki. Nikapima: 11. Nikazungusha krenki mizunguko kumi, nikapima tena: 11. Hapo ndipo nilipofunga. Ukikosea milimita moja kwa injini hii umekosea karibu digrii mbili, injini itakuvumilia. Sita haivumilii.

Vijana, najua mnajiuliza haya yanawahusu nini, wakati mkononi mwenu hakuna kontakti wala lever. Yanawahusu. Nyingi ya pikipiki mnazotengeneza zina sumaku iliyofungwa kwenye krenki kwa shafti ya pia namna hiihii, na kabari ndogo ya nusu mwezi. Mtu akifunga sumaku kwenye shafti yenye oili, au asikaze nati ipasavyo, kabari inakatwa, sumaku inahama, moto unahama nayo. Mteja anarudi, unabadilisha CDI, unabadilisha koili, unabadilisha plagi, unamla mtu wa watu pesa za watoto wake, na ubovu ni kabari iliyokatika. Ng'oa sumaku uitazame. Na zile zenye cheni ya taimingi, thibitisha valvu pistoni ikiwa topu kabla hujafunga kifuniko, kisha zungusha krenki mara mbili kamili kwa mkono uthibitishe tena.

Kuna jambo moja zaidi litakalowaokolea siku nyingi. Taimingi iliyosetiwa na kukazwa haijui joto. Ikiwa pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inakwenda dakika ishirini, inazima, inakataa kuwaka hadi ipoe, usiiguse taimingi. Kwa magneto za zamani, mtuhumiwa ni kapasita iliyozeeka au waya wa ndani ambao vanishi yake imelainika. Kwa koili za leo, ni koili yenyewe. Na injini inayopiga chafya kupitia kabureta mara nyingi inalalamikia hewa inayoingia pembeni, gasketi iliyopasuka kati ya kabureta na silinda. Taimingi mbovu inakuwa mbovu saa zote, baridi na moto, asubuhi na jioni. Ukiona ubovu unaokuja na kuondoka, tafuta kwingine.

Mtihani wa mwisho niliufanyia barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Mnaijua: kilomita thelathini na kitu za kupanda na kona juu ya kona. Injini yenye moto uliochelewa haifiki pale bila kuchemka. Yenye moto uliowahi mno inagonga kama mtu anayepiga msumari ndani ya silinda kila ukiipa mzigo. Niliondoka Mombo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenye kona za chini nikaichelewesha lever kidogo, kugonga kukakoma, nikairudisha. Soni nikasimama, nikashika ekzosi kwa kitambaa, nikaitazama rangi. Ilikuwa ileile ya asubuhi. Nilipofika Lushoto nikafungua plagi: kahawia, rangi ya chai ya maziwa, na masizi kidogo kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na petroli inazidi. Hapo sasa nilikuwa na haki ya kugusa kabureta.

Naomba radhi kwa urefu. Hedi nimeiondoa jana usiku, sahani ya digrii iko kwenye krenki, na gia ya magneto nimeilegeza makusudi, hakuna anayejua iko wapi, mimi mwenyewe sijui. Karatasi za sigara ziko mezani, na vania ya kupimia milimita, na daftari. Wawili wawili, mmoja kwenye krenki na mmoja kwenye karatasi. Anzeni na topu. Wazee wangu, viti viko upande huu wenye kivuli; nawaomba mtusaidie kutazama nani atasahau kupima baada ya kukaza.